UZI: Mmeishi pamoja miaka minne Nairobi. Mmeamua, au mmeteleza tu?

Karani_wa_Kamukunji (mwanzilishi)
Uzi huu ni wa kanuni na hesabu. Visa vya nani alimwacha nani vina uzi wake, vipelekeni huko.

Swali lenyewe: watu wawili wanaishi pamoja mwaka wa nne, Roysambu, Umoja, Pipeline, popote. Hawagombani sana. Uliza kama wameoana, mmoja anajibu ndiyo, mwenzake anajibu "tutaona". Ni mambo gani yanaonyesha kwamba hawa wamejifunga, na ni yapi yanaonyesha kwamba wamezoeana tu? Nataka vitu vya kushikika. "Mapenzi ya kweli yanajulikana" sitaki kuisoma hapa.

Mshauri_SouthB
Tazama kwanza walivyoingia. Mwaka 2006 watafiti watatu, Scott Stanley, Galena Rhoades na Howard Markman wa Chuo Kikuu cha Denver, waliandika kuhusu tofauti ya kuteleza na kuamua. Kuteleza kwa Nairobi tunakujua sote. Begi la wikendi linabaki kwake, kisha mswaki, kisha pasi. Halafu mtu anapiga hesabu: mbona tulipe kodi mbili na keja moja inalala tupu? Nyumba ya pili inarudishwa kwa landilodi kabla yeyote hajauliza "tunaelekea wapi?"

Kila hatua ina akili yake, na ndiyo hatari yenyewe. Unapokuja kuzinduka, gharama ya kutoka imeshapita hamu ya kubaki. Ni kama matatu iliyozimwa injini mteremkoni: inakwenda, lakini mtu asijidanganye kwamba ni dereva anayeiendesha.

Kwa hiyo tenganisha vitu viwili. Kuna nia: nataka kuwa na huyu mwakani na miaka kumi ijayo. Na kuna vizuizi: mtoto, deposti, friji la mkopo, aibu mbele ya wazazi. Vizuizi havina ubaya, kila ndoa iliyodumu inavyo. Ubaya ni vikitangulia nia.

Msema_Kweli_Donholm
Mshauri, hiyo ni theori ya wazungu. Huku watu wanahamia pamoja kwa sababu kodi ni ghali, full stop.

Mshauri_SouthB
@Msema_Kweli umeeleza kuteleza kwa maneno machache kuliko mimi. Kodi ni sababu nzuri ya kuishi na mtu, ila haijibu swali la kwa nini uwe ni huyu. Wanaohamia kwa ajili ya kodi wafanye jambo moja: waseme wazi kwamba ni kodi, waweke tarehe ya kukaa chini na kuliuliza lile swali kubwa, tuseme miezi sita, na tarehe hiyo iandikwe mahali wote wawili wanaiona. Mwenye kukwepa tarehe mara tatu ameshajibu.

Ishara za kushikika, kwa kuwa Karani ameziomba. Ya kwanza ni Desemba. Nani anaenda ushago, yaani nyumbani kijijini, na nani, na akifika anatambulishwaje? Anayesema "huyu ni rafiki yangu" mbele ya mamake mwaka wa nne hajasahau neno. Ya pili ni mipango inayopita mwaka mmoja: shule ya mtoto, kozi, kazi ya kaunti nyingine. Sikiliza kama anasema "nitahamia Nakuru" au "tutafanyaje nikipata Nakuru". Ya tatu ni jinsi anavyoshughulikia njia mbadala. Mwanasaikolojia Caryl Rusbult alieleza tangu 1980 kwamba kujifunga kunatokana na vitu vitatu: kuridhika, ubora wa njia mbadala, na ulichowekeza ambacho utakipoteza ukitoka. Aliyejifunga hufunga milango midogo mapema, jumbe za saa sita za usiku kwa mpenzi wa zamani zikiwemo. Asiyejifunga huiacha wazi kidogo, "hakuna kitu, tunasalimiana tu".

HesabuTu
Nakuja na pesa, maana hapo ndipo nia huonekana bila hotuba.

Mfano. Mmoja anapokea 65,000 mkononi, mwenzake 35,000. Matumizi ya pamoja: kodi 18,000, chakula 14,000, stima na maji 3,500, intaneti 2,500, gesi na sabuni 2,000, akiba ya dharura 2,000. Jumla 42,000.

Mkigawa nusu kwa nusu, kila mtu 21,000. Wa 65,000 anabaki na 44,000. Wa 35,000 anabaki na 14,000, na humo atoe nauli, chama, nywele na pesa za kutuma nyumbani. Kufikia tarehe 20 yuko kwenye Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa. Miezi sita hivi, halafu mnaanza kugombania sukari, na sukari haina kosa.

Mkigawa kwa uwiano wa mapato, wa kwanza anatoa 27,300 na wa pili 14,700. Wanabaki na 37,700 na 20,300. Bado si sawa, lakini wote wawili wanapumua. Mapato yakibadilika, uwiano unabadilika mwezi huohuo. Msingoje mtu alalamike.

Kosa ninaloliona sana ni la mgawanyo wa vitu: mmoja analipa kodi na kununua fanicha, mwenzake analipa chakula na yaya. Kwa mwezi mmoja inaonekana haki. Baada ya miaka mitano mmoja ana risiti, mwingine ana tumbo lililoshiba. Pokezaneni. Kodi ya Januari wewe, ya Februari yeye, kila mtu kwa M-Pesa yake mwenyewe, ujumbe usifutwe. Na mkataba wa nyumba uwe na majina mawili. Keyateka, yule msimamizi wa nyumba, akisema fomu ina nafasi ya jina moja, andikeni la pili chini yake na landilodi atie sahihi kando.

Mama_Zawadi_Umoja
HesabuTu, ongeza madeni. Watu wanaonyeshana mishahara wanaficha mikopo.

HesabuTu
Kweli mama. Kikao kimoja, simu mezani, kila mtu afungue: Fuliza, Hustler Fund ya serikali, mikopo ya simu, Sacco (chama cha akiba na mikopo), deni la duka. Halafu kile kinachosahaulika kila mara: nani umemdhamini. Ukimdhamini mwenzako kwenye Sacco, akiba yako imefungwa mpaka mkopo ule uishe au apatikane mdhamini mwingine. Mkiachana leo, Sacco haijui habari za kuachana kwenu. Asipolipa, wanakata kwako.

Na ile fomu ya kuteua mrithi kwenye Sacco, fungueni muangalie jina lililoko. Wengi waliijaza siku ya kwanza kazini wakaweka dada au mama, wakasahau. Mwanachama akifariki, chama cha ushirika humlipa aliyeandikwa. Kuibadilisha ni kujaza karatasi moja mbele ya mashahidi. Anayesema anakupenda kufa na kupona na hajagusa fomu ile, mkumbushe kwa upole kwamba sehemu ya "kufa" bado haijashughulikiwa.

Wakili_Ngazi_ya_Tatu
Naingia upande wa sheria kabla mtu hajasema "ukikaa miezi sita ni mke". Hakuna sheria kama hiyo Kenya. Si miezi sita, si miaka miwili.

Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua aina tano: ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. "Njoo tuishi", yaani kuhamia pamoja bila kufunga ndoa, haimo. Kilichopo ni dhana ya ndoa, yaani mahakama kuchukulia kwamba mlioana kutokana na mlivyoishi. Januari 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya MNK dhidi ya POM, iliibana dhana hiyo sana. Muwe mmeishi pamoja muda mrefu. Kila mmoja awe na uhuru wa kisheria wa kuoa au kuolewa. Muwe mlinuia kuoana. Wote wawili muwe mmekubali. Muwe mmejionyesha kwa watu kama mume na mke. Na mzigo wa kuthibitisha uko kwa anayedai.

Katika kesi ile ndoa haikupatikana, ingawa wawili hao walikuwa wameanza kuishi pamoja miaka ya 1980. Mwanamke alikuwa bado na ndoa nyingine haijavunjwa, basi sharti la uhuru likaanguka. Mahakama haikumwacha mwanamume aliyedai mikono mitupu, iligawa mali kwa msingi wa amana (mwenye jina kwenye hati anamshikia pia aliyechangia), 70 kwa mwanamke na 30 kwa mwanamume, kulingana na mchango wa kila mmoja. Lakini pimeni safari yenyewe: kupanda ngazi zote za mahakama kuthibitisha jambo ambalo cheti kimoja kingelimaliza siku ya kwanza.

Msema_Kweli_Donholm
Karatasi haimfanyi mtu akupende, wakili.

Wakili_Ngazi_ya_Tatu
Haimfanyi, na sijasema inamfanya. Inabadilisha nani anaulizwa. Mkiwa na ndoa, Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inataka mali ya ndoa isiuzwe wala kuwekwa rehani bila idhini ya wote wawili. Inahesabu pia mchango usio wa pesa: kazi za nyumbani, kulea watoto, kusimamia biashara, shamba, hata kuwa pamoja na mwenzako. Mkiwa hamna ndoa, mlango huo haufunguki kirahisi.

Msidhani tena ndoa ni nusu kwa nusu moja kwa moja. Mwezi uleule wa Januari 2023, katika kesi ya Ogentoto, Mahakama ya Juu ilisema mali inagawanywa kwa mchango uliothibitishwa. Kwa hiyo ushauri wa HesabuTu wa risiti unabaki hata baada ya harusi.

Watoto ni habari nyingine. Katiba, kifungu cha 53, inampa mtoto haki ya malezi ya wazazi wote wawili kwa usawa, wawe wameoana au la. Asitishiwe mtu hapo.

Karani_wa_Kamukunji
Na wanaonunua ploti pamoja huko nje ya mji, Joska au Kitengela, kabla ya ndoa?

Wakili_Ngazi_ya_Tatu
Hapo watu huumia. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 ina umiliki wa namna mbili kwa watu wawili. Ule usiogawanyika, mmoja akifa wote unamwendea aliyebaki. Na ule wa mafungu, ambapo fungu la aliyekufa linakwenda kwa warithi wake. Ule wa kwanza sasa ni wa wanandoa tu, wengine mpaka mahakama iruhusu. Ambao hawajaoana wanabaki na wa mafungu, na mafungu yaandikwe kwenye fomu ya uhamisho: 60 kwa 40, nusu kwa nusu, chochote mlichokubaliana. "Tumeandika jina lake kwa sababu alikuwa na likizo siku ile" ni sentensi inayolipa mawakili karo za watoto.

Kama hati itakuwa na jina moja, muwe na mkataba wa maandishi: nani ametoa kiasi gani, lini, na mkiuza mnagawanaje. Watie sahihi wote, mbele ya mashahidi. Mambo ya ardhi hayasimami kwa mdomo.

Mshenga_Kariobangi
Wakili amepita haraka kwenye ndoa ya kimila, na ndiyo wengi wenu mnayodhani mnayo.

Kupeleka mbuzi wawili na kreti za soda ni ziara. Kila jamii ina kitendo kinachofunga. Kwa Wakikuyu ni ngurario, tambiko la kuchinja mnyama. Mahakama imewahi kukataa kuwa ndoa ilikuwepo kwa sababu mnyama wa ngurario hakuchinjwa. Kwa Wakamba ni ntheo, wale mbuzi wanaothibitisha kwamba binti ametolewa. Kwa Waluo ni ayie, malipo ya ridhaa yanayomfikia mama wa binti, na jina lenyewe linasema amekubali. Muulize mzee wa upande wa binti swali moja tu: "Tukiishia hapa leo, huyu ni mke?" Akisita, bado.

Habari njema ni ya mahari. Sheria ya 2014 inasema pale mahari inapohitajika, sehemu ndogo tu ya ishara inatosha kuthibitisha ndoa. Kwa hiyo asikwambie mtu ameshindwa kujifunga kwa kuwa ng'ombe kumi na wawili hawajatimia. Lipeni kidogo, tambiko likamilike, deni litaendelea, na wazee wanajua kusubiri.

Baada ya sherehe mna miezi mitatu ya kumjulisha Msajili wa Ndoa, na ndani ya miezi sita muwe mmefika wenyewe wawili kuomba cheti. Hapa ndipo wanaume wengi wa mjini wanapotelea. Picha mia tatu za sherehe ziko kwenye simu, cheti hakuna.

Dada_Pangani
Kwetu Waislamu ahadi haina utelezi mwingi: walii (msimamizi wa bibi harusi), mashahidi wawili, mahari yaliyotajwa, ijabu na kabuli, yaani kutoa na kukubali. Kinachoharibika ni mambo mawili. La kwanza, nikaha ya faragha ambayo aliyeifungisha hana idhini ya Msajili, na cheti hakipatikani. Uliza kabla ya siku, si baada ya biriani. La pili, mahari hutajwa "baadaye" bila kiasi wala tarehe. Yaandikwe: kilichotolewa taslimu na kilichobaki deni. Kama bibi harusi ana sharti, mathalani kuendelea na masomo au kazi, lisemwe kwenye mkataba mbele ya mashahidi. Ahadi ya kwenye simu hamna anayeikumbuka.

Mama_Zawadi_Umoja
Sasa tuambieni namna ya kukaa. Karatasi mnazo, ngurario mmefanya, na bado mnanuniana wiki mbili.

Mshauri_SouthB
Mama, nitakupa vipimo vinavyofanya kazi kwenye nyumba ndogo.

Mtafiti wa ndoa John Gottman alifungua maabara yake Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, mwaka 1986, akiwatazama wanandoa wakigombana kweli. Wale waliodumu kwa furaha walikuwa na kama mambo matano mema kwa kila moja baya, na hilo ni katikati ya ugomvi wenyewe: kutikisa kichwa kuonyesha umesikia, mzaha mdogo, "hapo una haki". Aliona pia kwamba sehemu kubwa ya migogoro, kama asilimia 69, haimalizwi kamwe. Mmoja ni mtumiaji, mwenzake ni mweka akiba, mtazeeka hivyo. Kazi ni kuizungumza bila kuumizana.

Mambo manne ya kuangalia: kulaumu tabia ya mtu badala ya kitendo, kujitetea kila unapoguswa, kujifungia kwenye ukimya, na dharau. Hiyo ya mwisho ndiyo mbaya kuliko zote. "Hukuosha vyombo jana" ni lalamiko. "Wewe ni mchafu kama kwenu" ni dharau, na imewaingiza hadi wakwe.

Mapigo ya moyo yakipita kama 100 kwa dakika, mtu hasikii tena, anangoja zamu ya kurusha. Pumzika dakika 20 angalau, ndio muda mwili unaohitaji kupoa. Sasa, kwenye bedsita ya futi kumi kwa kumi utaenda chumba gani? Panda juu kwenye kamba za nguo, au zunguka ploti. Sharti ni useme unarudi saa ngapi: "Nimechemka, saa tatu na nusu nitakuwa hapa." Ukitoka bila kutaja saa, mwenzako anahesabu ameachwa, na dakika 20 zako zimekuwa kosa la pili. Na huko juu usiandae hotuba. Anayeandaa hotuba anarudi na moto uleule.

Halafu kikao cha wiki. Jumapili jioni, dakika 30, runinga imezimwa. Anza na kushukuru kwa jambo moja la wiki hiyo lenye jina na siku. Kisha ratiba: nani yuko zamu ya usiku, nani anaenda mazishi. Kisha pesa, dakika kumi, si zaidi. Kisha lalamiko moja kila mtu. Moja! Watu huharibu hapa, wanakuja na orodha tangu Pasaka. Mengine yangoje Jumapili ijayo, na utashangaa mangapi yatakuwa yamekufa yenyewe.

Msema_Kweli_Donholm
Hiyo ya lalamiko moja nitaikubali. Lakini vipi yule anayeahidi ndoa kila mwaka na hafanyi kitu?

Wakili_Ngazi_ya_Tatu
Sheria ya 2014 inasema ahadi ya kuoana haimfungi mtu kuoa. Hata hivyo, aliyepata hasara kwa sababu mwenzake amekataa kutimiza ahadi anaweza kudai fidia. Kama ulilipia ukumbi na magari kwa neno lake, weka risiti.

Mshauri_SouthB
Na kabla ya korti, badilisha swali. Usiulize "utanioa lini?" Mwaka ujao ni jibu la bure. Uliza "Jumamosi ipi tunaenda kumuona mjomba wako?" Asiye tayari atakuambia kwa namna atakavyoikwepa Jumamosi.

Karani_wa_Kamukunji
Wakili, malizia na hatua za ndoa ya serikali. Kuna watu watatu wameniandikia pembeni.

Wakili_Ngazi_ya_Tatu
Notisi ya kuoana inaombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ofisi ni ya Msajili, Sheria House, Harambee Avenue. Ada angalieni hukohuko kwenye mtandao, hubadilishwa. Vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, picha za pasipoti, hati ya kiapo kwamba hujaoa au hujaolewa. Aliyetalikiwa alete amri ya mwisho ya talaka, kwa sababu ile ya kwanza, ya muda, haitoshi. Mjane alete cheti cha kifo.

Notisi iwe si chini ya siku 21 na si zaidi ya miezi mitatu. Kwa hiyo usikodi hema ndipo ukumbuke notisi. Kinachorudisha watu mlangoni mara nyingi ni majina: kitambulisho kinasema Wanjiru, cheti cha kuzaliwa kinasema Njeri. Sahihisheni mapema kwa hati ya kiapo au hati ya kubadili jina.

Ndoa ya serikali ni ya mke mmoja. Mwenye mke mwingine wa kimila nyumbani asije kujaribu bahati.

Mama_Zawadi_Umoja
Mashahidi wanaweza kuwa ndugu?

Wakili_Ngazi_ya_Tatu
Wanaweza, mama. Wawili, wametimiza miaka 18, waje na vitambulisho halisi, nakala zisiwe peke yake. Na wafike hawajaonja kitu. Sheria inamkataa shahidi mlevi, kwa hiyo yule shemeji anayeanza sherehe saa tatu asubuhi tafutieni kazi nyingine.

Msema_Kweli_Donholm
Shemeji yangu hawezi kukidhi hilo. Nitatafuta jirani.